Sekunde Sita za Mzee Tajeu

Jumatatu, 10 Novemba

Siku kumi na mbili kabla ya harusi yangu. Nimeamua! Mwaliko nitautengeneza mwenyewe, na utakuwa unatembea.

Si video. Video ni ombaomba. Inakaa pale na kamshale kake ikingoja mtu aibonyeze. Wazee hawabonyezi. Shangazi zangu hawabonyezi. Picha inayotembea haiombi ruhusa ya mtu. Ukifungua kundi la WhatsApp tu, yenyewe iko kazini.

Mali ghafi ninayo: sekunde sita. Jumamosi iliyopita, kwenye ranchi ya Mzee Tajeu, baba yake mchumba wangu Rachel, nje ya Kajiado mjini, mzee alishika kibuyu, akajaza maziwa mdomoni, akatupulizia mimi na Rachel vichwani. Ndiyo baraka yenyewe. Watu wote wakaitikia "Naai!", yaani Mungu kwa lugha yao. Austin, binamu yake Rachel, akarekodi kwa simu yake. Austin ana simu nzuri na anataka kila mtu ajue.

Siku hiyo hiyo nilimpa mzee kondoo. Kwa desturi yao, waliopeana kondoo huitana Paker. Tangu Jumamosi Mzee Tajeu ananiita Paker nami namwita Paker. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuitwa Paker. Nimelihifadhi jina lake hivyo kwenye simu.

Nilimweleza Rachel mpango. Akasema nitume tu ile video jinsi ilivyo, ni MB nne, itaenda vizuri. Nilimkumbusha kwamba yeye ni mwalimu wa Gredi ya Nne, na mambo ya fomati za mafaili ni taaluma. Akanyamaza. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa kukubali.


Jumanne, 11 Novemba

Nimefungua saiba yangu ya intaneti hapa Noonkopir, Kitengela, mapema, nikawafukuza wateja wawili wa fotokopi. Kazi kwanza.

Nimepata tovuti ya ajabu. Unaburuta picha yako inayotembea, unaidondosha kwenye kisanduku, na inakubadilishia. Video iwe GIF, GIF iwe WebP, WebP iwe APNG, zote aina za picha zinazotembea, na kurudi tena ukitaka. Yote ndani ya browser. Hakuna kuinstoli chochote.

Kazi ikiwa katikati, bando ikaisha. Nikashika kichwa. Lakini kile kimstari cha kuonyesha kazi imefika wapi kikaendelea kusonga! Asilimia sitini. Themanini. Mia! Bila intaneti! Nikajua nimegundua njia ya kuwaibia wenye mtandao. Nikafunga mlango nusu, nikaenda kwa Caro, anayesuka nywele mlango wa pili, nikamnong'onezea sikioni.

Caro alikuja na kitana mkononi, akasoma skrini, akaniwekea kidole kwenye mstari wa juu kabisa. Umeandikwa kwa herufi kubwa: faili lako halitoki kwenye kompyuta yako. Kazi yote inafanyika hapa hapa. Akauliza kama nimesoma chochote kabla ya kubonyeza. Nikamwambia mtaalamu hasomi, anahisi.

Matokeo: video ya MB nne imekuwa GIF ya MB arobaini na moja. Nilimuuliza Caro kitu kinawezaje kunenepa kwa kubadilishwa tu. Akasema ningoje nioe, nitaona.


Jumatano, 12 Novemba

Nimepunguza rangi. Kutoka mia mbili hamsini na sita hadi kumi na sita. Shuka nyekundu ya mzee imekuwa kahawia kama uji wa wimbi, na paji la uso limeingia kijani kidogo. Si mbaya. MB sita. Bado nzito.

Nikaigeuza WebP. KB mia nne na themanini! Nilicheza nikagonga printa. Karatasi ikatoka yenyewe.

Saa kumi jioni nikatuma kwenye kundi la harusi. Watu mia moja arobaini na tatu. Nikaandika chini: "Karibuni nyote. Tazameni kwa makini!"

Wakatazama kwa makini. Haikutembea. Nilikuwa nimeituma kama picha ya kawaida, na WhatsApp ikaigandisha kwenye fremu ya kwanza. Mzee Tajeu amesimama, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Hakuna maandishi ya harusi. Hayo yangekuja fremu ya ishirini.

Kisha shangazi yangu wa Gataka akauliza ni nini kimempata baba yetu, na tumwombee kwa jambo gani. Watu wanne wakaomba hapo hapo. Mmoja akashauri asukutue kwa maji ya chumvi, akasema jino la nyuma huwa halina huruma.

Mzee mwenyewe akapiga. Aliniita Paker. Aliuliza maziwa yake yako wapi. Nikajibu bado yako mdomoni. Akauliza yatatoka lini. Nikamwahidi kesho.

Austin akaniandikia kando: "Bro, tuma tu video." Sikumjibu. Hiyo ni kauli ya mtu asiye na ndoto.


Alhamisi, 13 Novemba

Usiku nimepata ufumbuzi. Stika! Stika inatembea yenyewe, hakuna kubonyeza. Masharti: iwe WebP, iwe chini ya KB mia tano, na ikatwe vizuri kandokando ili watu waelee peke yao bila mandhari.

Nyuma ya mzee kulikuwa na hema jeupe. Tovuti ina kitufe cha kuondoa rangi moja. Nikachagua nyeupe. Hema likapotea mara moja! Mzee akabaki anaelea, nadhifu, heshima tupu. Nikatuma saa sita mchana bila kuiangalia mara mbili, kwa sababu kuangalia mara mbili ni dalili ya woga.

Maziwa pia ni meupe.

Kwa hiyo watu mia moja arobaini na tatu wakamwona Mzee Tajeu akivimbisha mashavu na kutupulizia hewa. Mimi na Rachel tumeinama, tumefumba macho kwa unyenyekevu, tunapokea upepo. Meno ya mzee nayo yalienda na hema.

Rachel alipiga simu wakati wa mapumziko ya shule. Hakupaza sauti. Alisema tu baba yake ana meno yake yote, na kwamba nikumbuke hilo. Nikamwambia kesho meno yatarudi, na maziwa juu.

Mama naye akapiga. Alitaka kujua kama mkwe wangu anapuliza mshumaa.

Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kompyuta: MVUMILIVU HULA MBIVU. Sirudi nyuma!


Ijumaa, 14 Novemba

Ushindi! Ushindi! Nauandika kwa wino mwekundu.

Maziwa yamerudi. Niligundua kamshale kengine ka kuongeza na kupunguza weupe unaoondolewa. Nikakapunguza taratibu, sehemu kwa sehemu, saa tatu nzima. Meno yapo. Shuka ni nyekundu. Maandishi "Rachel na Githinji, 22 Novemba" yanasomeka. KB mia nne tisini na sita.

Kasoro moja tu. Kwenye kuunga. Picha ikifika mwisho inaanza upya, na pale inaruka: mashavu ya mzee matupu, halafu ghafla, pu! yamejaa. Jicho langu haliwezi kuvumilia. Kazi ya fundi hujulikana kwenye mishono.

Nikachunguza tovuti nzima. Chini kabisa, kisanduku kidogo: "Nenda kisha urudi." Nikaweka tiki.

Ajabu! Hakuna kuruka tena! Mashavu yanajaa, yanapungua, yanajaa, yanapungua, laini kama samli. Nimetazama yale mashavu mara arobaini. Nilimwita Caro aone, lakini alikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Akauliza kutoka huko huko kama nimetazama kitu chote. Nikamwambia nimetazama mshono, na mshono ndio kitu chote.

Nimetuma saa moja jioni. Nimezima simu ili pongezi zisinivurugie usingizi.


Jumamosi, 15 Novemba

Nimewasha simu. Jumbe mia mbili na kumi na saba. Nilitabasamu. Kisha nikasoma.

Ukiweka tiki pale, kila kitu kinakwenda kisha kinarudi. Si mashavu tu. Maziwa yanatoka mdomoni mwa mzee, yanatua vichwani mwetu, kila tone. Halafu kila tone linainuka kutoka kwenye nywele zetu, linapaa, linaingia tena mdomoni mwa Mzee Tajeu. Na mzee anafunga mdomo. Anaonekana ameridhika.

Anabariki. Anachukua baraka yake. Anabariki. Anachukua.

Rachel alikuwa nyumbani Kajiado jana jioni na alinisimulia kwa sauti isiyo na joto. Koko, nyanya yake, alikuwa ameshika tableti ya mzee. Stika ikabariki, Koko akaitikia "Naai!" kama inavyotakiwa. Kisha akaona maziwa yakirudi. Ikabariki tena, akaitikia tena, safari hii kwa mashaka. Maziwa yakarudi. Mara ya sita akaweka tableti mezani, akaifunika kwa leso, akauliza watu wote waliokuwa ndani ya nyumba: "Huyu mtoto amebarikiwa ama hajabarikiwa?"

Rachel akaichukua tableti pamoja na leso yake, akaitia kabatini.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na browser.

Mama alipiga akiwa na hasira ambayo sijaisikia tangu nilipopaka kuku rangi. Akasema hata kwetu Nyeri, mzee akikutemea mate kifuani kukubariki, harudi kuyalamba. Akasema sina udhuru wa kutojua. Nikamwambia ni tatizo la kiufundi. Akasema ufundi huo niuoe, basi, nimwache mtoto wa watu.

Nimeifuta stika kundini. Imefutika kwa wote. Tatizo limekwisha.


Jumapili, 16 Novemba

Halijakwisha. Walikuwa wameihifadhi.

Ukishahifadhi stika ni yako, hata mimi siwezi kuigusa. Leo kanisani mwenyekiti wa kamati ya harusi aliandika kundini kwamba mkutano ni saa nane, kisha akabadilisha akasema saa tisa. Watu kumi na mmoja wakamjibu kwa stika ya Mzee Tajeu. Mchungaji mwenyewe ni mmoja wao! Nilimwona akijizuia kucheka kwenye mimbari.

Austin anadai hajaisambaza. Anadai hivyo huku akicheka. Nilimwambia wivu ni ugonjwa. Akasema yeye anasikitika tu kwa ajili ya mjomba wake, na kwamba video bado anayo kama naitaka. Sitaki!


Jumanne, 18 Novemba

Siku mbaya. Naiandika kwa kalamu ya kawaida.

Mzee Tajeu huuza mafahali. Kwenye mnada wanamjua kwa jambo moja: akisema bei, imekwisha. Harudi nyuma hata mvua ikinyesha kesho yake na bei ikapanda. Watu hununua kwake kwa simu bila karatasi, kwa sababu ya mdomo ule.

Leo asubuhi mzee alikuwa amekubaliana na mfanyabiashara mmoja, anaitwa Ngui, juu ya fahali wawili. Ngui akabadilisha mawazo. Hakupiga simu. Hakueleza. Alimtumia mzee stika. Alimtumia Mzee Tajeu stika ya Mzee Tajeu!

Kumbe kwenye kundi la wafanyabiashara wa ng'ombe ndiyo lugha sasa. Mtu akirudi nyuma kwa bei, anatuma ile. Ngui hakujua hata ni nani yule kwenye picha. Alidhani ni mzee tu wa mtandaoni.

Mzee alinipigia saa tano. Kwenye simu yangu iliandikwa Paker anapiga. Nikapokea nikasema, "Ndiyo, Paker." Akasema, "Githinji."

Basi. Githinji tu. Sikujua jina langu linaweza kuuma.

Akasema, "Kesho kuja na hiyo kompyuta yako. Mimi niko na maneno." Akaongeza kwamba gari la kumchukua bibi harusi halina haja ya kuwashwa kwanza. Kwao msichana hatoki boma la baba bila baraka, na kwa hesabu ya Koko na ya mnada mzima, baraka hiyo imerudi kwa mwenyewe.

Nilikaa saibani bila kuwasha taa. Caro akaniletea chai na mandazi, hakusema kitu. Caro akikosa la kusema, ujue mambo yameharibika.


Jumatano, 19 Novemba

Ranchi ya Mzee Tajeu. Nimefika saa nne na laptop kwapani kama mtu anayekwenda kusomewa shtaka.

Nikamwinamia mzee, nikamwekea kichwa anipe mkono, kama mtoto anavyofanya. Alikaa kidogo. Akaniwekea. Uzito wa mkono ulikuwa wa kisheria tu, haukuwa wa upendo. Mezani palikuwa na Koko, Rachel, mama yake, na Austin mlangoni akijifanya anatafuta netiweki.

Mzee akasema nifungue mashine nimwonyeshe palipofanyika. Nikafungua tovuti. Nikamwonyesha kisanduku. Akavaa miwani, akakiangalia muda mrefu. Akauliza, "Ni hii tu? Hii kitu kidogo hivi?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mtu alinishika mkono nikibonyeza. Nikasema hapana, niliibonyeza kwa hiari, ili isiruke. Akauliza nini isiruke. Nikamweleza habari ya mishono. Nilieleza vizuri, na mifano. Nilipomaliza Koko alikuwa ananiangalia kama ndama aliyezaliwa na miguu mitano.

Nikatoa tiki mbele yao. Nikaonyesha jinsi maziwa yanavyotoka sasa na hayarudi. Nilidhani hapo kesi imekwisha.

Ndipo Rachel akazungumza. Hakuzungumzia kompyuta. Alisema kwa miaka mitatu baba yake hakutaka kusikia jina langu, kwa sababu nilikuwa kijana wa Kitengela asiye na hata mbuzi. Alisema miaka mitatu alimngoja huyu mzee afungue mdomo juu yetu. Akaufungua. Na mimi nikaenda nikatafuta kisanduku cha kuufunga. Alisema kwamba siku ya kwanza kabisa aliniambia nitume video. Kisha akatoka nje kwenda kuangalia ndama.

Nililia. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia mbele ya Austin! Nikasema nimekosa. Nikasema fomati zote za duniani hazinisaidii kitu kama Rachel atabaki kule zizini. Nikamwomba mzee anihukumu anavyotaka, hata kondoo wengine wawili, hata aniite Githinji mpaka kufa, mradi msichana asilipie ujinga wangu.

Mzee akavua miwani. Akasema kitu kilichorudishwa mbele ya watu kitatolewa tena mbele ya watu. Kesho. Hapa. Austin atashika simu. Mimi sitashika chochote, hata kalamu. Na niape kwamba sitagusa tena picha yake, iwe inatembea au imekaa.

Nikaapa. Koko akataka niape mara mbili, kwa sababu sasa hamwamini mtu akisema mara moja.


Alhamisi, 20 Novemba

Imefanyika!

Walikuja majirani wote, na Ngui akaalikwa makusudi, akasimama mstari wa mbele kofia mkononi. Mimi na Rachel tukainama. Rachel hakuwa ameniambia neno tangu jana, lakini bega lake lilikuwa limegusa langu na hakulitoa.

Mzee Tajeu akashika kibuyu. Akanywa. Akaendelea kujaza. Mashavu yale ninayoyafahamu kuliko mtu yeyote Kenya nzima yakajaa kupita yalivyowahi kujaa. Nilijua kinachokuja. Sikukwepa.

Rachel alipata matone machache ya heshima kwenye nywele. Mimi nilipata kibuyu. Machoni, puani, ndani ya kola. Watu wakapaza "Naai!" mpaka ng'ombe wakageuka. Koko alisubiri. Aliniangalia kichwa kwa muda, akahakikisha hakuna tone linalopaa. Ndipo naye akaitikia, mara moja tu, kwa nguvu.

Mzee akanipangusa uso kwa pembe ya shuka yake mwenyewe. Akasema, "Paker. Sasa hiyo mashine ulale nayo mbali."

Paker! Nililia tena, ila kwa maziwa yale hakuna aliyejua. Rachel alijua. Akanibana kidole.

Austin alituma video jinsi ilivyo. MB nne na kidogo. Watu wote waliibonyeza, hata shangazi yangu wa Gataka. Sielewi. Ngui aliituma kule kwenye kundi la ng'ombe na akalipa bei ile ile ya fahali wawili. Austin hata hakujisifu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nimejifunza. Nimeandika na nimepigia mstari. Unyenyekevu. Kusikiliza mke. Kutazama kitu chote kabla ya kutuma.


Jumamosi, 22 Novemba

Nimeoa!

Naandika nyuma ya hema, saa kumi na nusu, Rachel amekwenda kubadilisha gauni. Kila kitu kimekwenda sawa. Mchungaji hakucheka. Mama na Koko wamekaa pamoja, hawana lugha moja, wanaelewana kunihusu. Mzee Tajeu alitoa hotuba fupi kwamba neno likishatoka limetoka, akaniangalia, watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Jambo moja dogo. Nilimwomba Caro arekodi wakati nikimvisha Rachel pete. Sekunde nne. Imetoka safi sana! Kidole chake, pete inaingia taratibu, mwanga unang'aa. Ingefaa sana kuwashukuru wageni. Nami kwa bahati nina laptop kwenye gari.

Niliapa kutogusa picha ya Mzee Tajeu. Mara mbili. Pete si Mzee Tajeu.

Nilifikiria kutuma video jinsi ilivyo. Nilifikiria kweli, karibu dakika nzima. Lakini video ni ombaomba, na siku ya harusi yangu siombi mtu.

Hakuna kitu cheupe cha kupotea, nimehakikisha. Rangi zote zipo. KB mia tatu na hamsini. Imekuwa stika mara moja, nimeshakuwa mzoefu. Kasoro ilikuwa moja tu, kwenye kuunga: pete iko kidoleni, halafu ghafla haiko. Inaruka. Inatia aibu.

Nimeweka tiki. Sasa inateleza vizuri mno. Pete inaingia, inatoka, inaingia, inatoka, hakuna mshono hata mmoja.

Nimetuma kwa wote.

Simu inalia tayari. Ni Paker. Amewatangulia watu wote kunipongeza.